Kimoyomoyo

Mlangoni waliniuliza kazi yangu.
Nikasema: fundi wa masanduku, Kamukunji,
miaka kumi na saba nagonga mabati.
Bi Cherotich akanikazia macho. Basi wewe hapana.
Chembe ya chuma ikiwa imejificha jichoni
sumaku itaiita, nayo itaitika.
Nikabaki nyuma ya kioo,
mshipi, funguo, shilingi arobaini kibakulini.

Nthenya akaingia mwenyewe,
soksi zake zikichungulia mwisho wa kitanda.

Daktari wa upasuaji alishanichorea:
kifafa kina kiota, upande wa kushoto, juu ya sikio.
Kukitoa anaweza.
Asichojua ni maneno yamejenga wapi,
jirani, au nyumba moja na mwizi huyo.
"Sitaki nimponye awe bubu,"
akasema, akaikunja karatasi mara nne.

Mashine ikaanza. Ngo, ngo, ngo, kisha mfululizo.
Haki ya Mungu, Kamukunji saa nne asubuhi!
Nikaona kidole gumba cha mguu wake
kikifuata nyundo.
"Tulia, Nthenya."
Kikatulia.

Sasa taja wanyama, Bi Cherotich akamwambia,
usifungue mdomo, taja kimoyomoyo.
Nami nikawaza: moyo wa nini tena,
na tumelipia kutazama kichwa?

"Kwa lugha gani?"
sauti ndogo ikatoka ndani ya lile bomba.

Wakatazamana.
Darasani ni Kiingereza. Plotini Kayole, Sheng.
Kwa nyanyake Mwingi ni Kikamba, hasa na mifugo.
Mimi humwita kwa Kiswahili, hata usiku
anapokakamaa, povu mdomoni,
na jina lake ndilo neno pekee nililobaki nalo.
"Zote," nikasema.
Kioo kinene. Hawakunisikia.

Kwenye skrini, kijivu.
Kijivu.
Halafu doa la rangi ya chungwa,
dogo, kama cheche ya kwanza
kabla bati halijakubali kushikana na bati.
Bi Cherotich akaligusa kwa ukucha.
"Hapo anasema."
Chumba kizima hakuna aliyekuwa akisema.
Kama hapo ni mbali na kiota, au ni ukutani pake,
sikuthubutu kuuliza.

Alipotoka nikamfunga viatu,
nikamuuliza alitaja wangapi.
Kumi na mmoja, akasema.
Lakini mbuzi nimemhesabu mara mbili, Baba,
maana kwa nyanya ni mbui.