Daftari la Vipimo

Kiuno: ishirini na tisa. Ndivyo nilivyoandika
mara ya kwanza, kwa penseli, duka langu likiwa bado
baraza ya watu hapo Majengo, cherehani moja, kigoda kimoja.
Elieza Chidumizi, karani wa idara ya maji,
suruali moja, kiraka juu ya kiraka.
Alilipa kwa awamu tatu, na ile ya mwisho
akaja na zabibu za Hombolo ndani ya kofia.
Nilimpenda. Niseme uongo ili iweje?

Thelathini na nne: katibu tarafa.
Thelathini na nane: mkuu wa wilaya, anapimwa
huku anaongea na simu mbili.
Arobaini na tatu, wiki ile redio ilipomtaja
Mkuu wa Mkoa, na mimi, mjinga wa Mungu,
nikafunga duka, nikawanunulia vijana soda.

Tangu hapo fundi ndiye aliyeufuata mwili.
Shangingi lilinichukua. Nilipiga magoti zuliani
kupima pindo, naye akasema juu ya utosi wangu
kama anayeongea na dari:
"Fundi, ndani, kushoto, nitilie mfuko mwingine.
Usionekane. Upana wa bahasha ya kaki."
Sikuuliza bahasha ya nini.
Nililipwa mara mbili,
na bati za nyumba yangu ya Chang'ombe, zile za bluu,
zimetoka katika mfuko ule.

Siku ya kuzindua kisima kijijini kwa dada yangu Perisi,
upande wa Bahi, utepe ulikuwapo, mkasi wameusahau.
Wakaazima wangu.
Ulikata utepe kwa mlio uleule unaokatia tetroni.
Akina mama wakapiga vigelegele, ng'ombe wakanywa,
wiki tatu.
Kisha pampu ikaanza kukohoa upepo.

Mahakamani nilijifunza kuwa hata shimo lina vipimo.
Kwenye karatasi: mita mia moja na ishirini.
Mtaalamu alishusha kamba: thelathini na sita.
Nikajikuta natoa kichwani, kama nitoavyo kitambaa kilichobaki.
Themanini na nne.
Mita themanini na nne za ardhi isiyochimbwa,
nani alizivaa?
Nilimjua. Nilimjua hadi kiuno.

Kielelezo namba saba kilikuwa koti.
Wakili wa serikali aliligeuza ndani nje
kama mtu anayechuna mbuzi.
"Shahidi, mshono huu unaufahamu?"
"Ni mkono wangu."
Basi. Akaketi.
Angeniuliza nilidhani mfuko ule ni wa nini,
sijui ningesema nini. Hadi leo
namshukuru yule bwana kwa uvivu wake.

Miaka saba. Alipoinuka kuisikia,
suruali ilimteremka; mkanda wameshamnyang'anya rumande.
Akaikamata kwa ngumi moja mbele ya umati,
na jicho langu, halina adabu jicho hili,
likasoma: thelathini na moja.

Mvua za kwanza, mkewe akaja na suti tatu
kazifunga kwenye khanga. Hakukaa.
"Zipunguze zimtoshe Yona. Anamaliza kidato cha nne."
Nilifumua usiku, peke yangu, kwa wembe.
Nilipofika kushoto, ndani, nilisita
kama mwizi aliyesikia mbwa.
Mfuko ulikuwa mtupu. Nyuzi,
na vumbi jekundu la kwetu, linaloingia popote.
Sikumtoza mama yule hata senti.
Usidhani ni wema.

Juzi Perisi alikuja kuniazima futi.
Wamerudi kuchimba mchanga wa korongo, kama bibi zetu,
na wanabishana wamefika wapi.
Nikampa ile ya zamani, ya daftari la kwanza.
Ameirudisha leo imelowa mpaka nusu, ina tope.
"Maji yapo," akasema, "ila machache,"
akanywa chai yangu, akaondoka.
Futi bado iko mlangoni, nimeianika.
Mteja amesimama. Ananingoja nimpime.