Funguo Zote Mezani

Nyawera, saa tatu asubuhi. Matope ya usiku
yamepanda hadi kwenye kizingiti cha kibanda changu.
Mama Nankafu anafungua fundo la kitenge,
anauweka ufunguo mezani kama mtu anayeweka jino lililong'oka.
"Zilikuwa mbili," anasema. "Mwenzake uko kwa shemeji."

Baba yangu alilala na betri ya lori chini ya kitanda.
Kila jioni aliibeba kutoka uani, mgongo umepinda,
asidi imetoboa mashati yake yote mahali pamoja,
na alfajiri, kabla ya chai, aliirudisha.
Huo ndio ulikuwa ulinzi wa Bukavu.
Wezi walikuja na betri yao.

Sasa tazama, mama.
Ninaupasua ufunguo kwa kisu kidogo.
Betri hii ya duara ni ya milango tu, ya kupiga kelele kwa mbali.
Lakini hiki cheusi, kama punje ya ulezi,
hakina betri. Kimelala humu miaka tisa.
Ukiuzungusha ufunguo, pete ya waya kandokando ya tundu
inakipulizia pumzi, nacho kinaamka.
Gari linasema: Kitendawili!
Kinaitika: Tega!
Linatega. Kila safari fumbo jipya,
na jibu linatoka katika siri waliyopeana siku ya kwanza,
wala hawajaitamka tena.
Aliyejibanza akasikia jibu la jana
ana jibu la jana.
Ukishindwa, petroli haishuki.
Na usijaribu kulipa mji. Gari halitaki mji.

"Na Balagizi?"

Anayo siri ileile, mama.

"Aliuchukua mfukoni mwa suruali ya marehemu
tukiwa tunatafuta soksi za kumvisha.
Sasa anasema gari ni la ukoo.
Nililinunua kwa vitenge, fundi! Bunda kwa bunda, Uvira na kurudi,
Cishugi alikuwa akiendesha tu."

Ipo njia. Mashine yangu huuliza: funguo ngapi?
Zote ziwe mezani.
Usiokuwepo, gari linausahau,
halikumbuki harusi, halikumbuki deni.

Tukapanda Kadutu. Gari limeegemea jiwe lisiteremke mlimani.
Nikachomeka waya chini ya usukani.
Dakika kumi na sita taa nyekundu ilipepesa;
umeme ukakatika mtaa mzima, yenyewe haikujali.
Nikafika mahali pa kubonyeza.
"Ngoja," akasema.
Jogoo wa jirani, sufuria, mtoto anayekariri hesabu.
"Ule ulikuwa mkononi mwake miaka tisa."
Nikangoja. Sikuwa na kifaa cha hilo.
Kisha akanyoosha kidole mwenyewe, chenye pete bado,
akabonyeza.

Jumapili Balagizi alikuja watu wakiwa misani.
Mtoto wa hesabu aliona yote akiwa juu ya ukuta:
mlango ulifunguka, maana meno ya chuma hayajui kusahau;
injini ikakohoa, ikafa.
Ikakohoa, ikafa.
Akashuka, akapiga tairi teke, akaomba maji ya kunywa.
Mtoto akampa.

Jumatatu yuko mezani pangu, koti la matanga,
ufunguo ndani ya leso safi.
"Fundi, huu umeharibika. Nitalipa vizuri."
Ninaupasua. Punje ipo, haina ufa.
Mashine iko hapo kando, imechajiwa,
na kodi ya kibanda ina miezi miwili.

"Ni mzima," ninamwambia.
"Unajua kujibu. Ila hakuna anayeutegea."

"Basi ulifundishe gari upya."

Ninaufunga, ninaufuta alama ya kidole changu,
ninausukuma kwake polepole.
Leta gari, ninasema.
Na mwenye gari.