Kinyumenyume

Mwezi wa tatu, bamvua.
Maji yamepwa hadi kule ambako mwaka mzima hakupwi,
na kisiwa cha Sanday, nukta iliyodondoka juu ya Uskoti,
kimejiongezea shamba la mchanga.

"Geuka," ananiambia Erlend. Ana miaka tisa,
buti za mpira zinampwaya, kamasi imegandia mdomoni.
"Hapa hatwendi mbele. Tunakwenda kinyumenyume."
Nami muuguzi wa zamu, sare chini ya makoti mawili,
saa ya kazini ikining'inia kifuani kichwa chini,
nageuka.

Ati wanasikia.
Kila unyayo ni kishindo darini mwao,
nao wakihisi uzito umeshapita
hutema mate, chuch!, uzi mwembamba wa maji
pale pale ulipong'oa mguu.
Ukienda mbele utawaacha mgongoni,
wakutemee wakucheke, usijue.

Basi twende hivyo hivyo.
Naona nilikotoka: nyayo zangu zikijaa maji moja moja,
kinyesi cha mwata kilichosokotwa kama tambi za Idi,
kiti cha pweza, mkono wake wa tano
ndio kwanza unaota, mfupi kama kidole cha kichanga.
Erlend anafukua kiumbe cha duara
chenye miiba laini, minyoofu, rangi ya mchanga wenyewe,
ananiwekea kiganjani: chepesi kuliko yai,
na miiba yote inapiga makasia
kutafuta chini iko wapi.
Ndege wenye midomo ya karoti wanatupigia kelele
kwamba tumeingia jikoni mwao bila viatu kuvua.

Nimezaliwa Pangani, hatua mia moja kutoka majini.
Nilipita pwani kwenda shule, kurudi shule.
Sikuinama hata siku moja.

Chuch!
Erlend hasemi, anaonyesha kwa kidevu.
Kisu kinaingia kando, mchanga unafunuka, nazamisha mkono,
baridi inapanda hadi kwenye jino bovu.
Nimemshika: gamba refu, jembamba,
wembe wa kinyozi uliokunjwa.
Sina jina lake kwa Kiswahili. Namwita Wembe, atanisamehe.
Anavuta. Hana mkono, hana mkia,
ana nguvu za mtoto asiyetaka sindano.
"Usimvute! Utamkata mguu.
Shika tu. Ngoja achoke."

Kushika tu ninakujua.
Asubuhi nilishika kiwiko, nikashuka kifundoni mwa babu yake,
nikihesabu mapigo yanayoruka moja, yanayorudi mawili,
naye akihesabu bamvua kwa sauti:
"Leo. Kesho. Kesho kutwa. Halafu mpaka Septemba."
Akanyamaza kwenye Septemba.
Nikaandika: joto la kawaida, uji nusu bakuli.

Wembe ameachia.
Anatoka taratibu, mguu mweupe ukining'inia
kama ulimi wa mtu aliyekimbia.

Nyumba ya kijivu, dirisha la pili:
mzee Tammas ametegesha darubini.
Ameniona nikimjia makalio mbele, ndoo mkononi,
na kesho kisiwa kizima kitakuwa na habari.

Kumi na mmoja. Maji yanarudi,
yenyewe yanakuja uso mbele, hayaogopi kusikiwa.

Mzee anataka mmoja tu, hai, kwenye bakuli la kunawia.
Anaugusa ule mguu kwa kidole chenye plasta;
unajificha ndani.
Kidole kinangoja.
Supu inachemka, Erlend anamenya viazi, kidole kinangoja.
Mguu unatoka tena, nusu, unakionja.

"Huyu," anasema, "si wa kula."

Erlend anaguna: bahari imeshajaa, nani atamrudisha?
Wote wawili wananitazama mimi,
ambaye buti sijazivua.