Chaneli ya Majira ya Baridi

Mwezi wa pili niliipigia simu kampuni ya kebo.
Nilisubiri dakika arobaini nikisikiliza kinanda,
kisha kijana mmoja akaniuliza sababu.
Dola mia na tisini na saba kwa mwezi, nikamwambia,
chaneli mia tatu, nami nina macho mawili.
Akanipunguzia. Akanipunguzia tena.
Nikakata simu kabla hajafika kwenye sifuri,
nisije nikamwonea huruma.

Antena ilikuwa gerejini, nyuma ya matairi ya theluji,
ile aliyoinunua Reino mwaka tuliooana:
aluminiamu tupu, mgongo na mbavu,
kama samaki aliyeliwa na mtu asiyeacha kitu.
Mbavu tatu zilikuwa zimepinda.
Nikazinyooshea gotini.

Arvid, mtoto wa dada yake, akaja na ngazi
na simu yenye dira ndani.
"Minara iko Duluth, Shangazi, juu ya kilima,
maili ishirini na saba,
digrii mia mbili na thelathini ukihesabu toka kaskazini."
Mimi nikasema: ni pale juu ya dirisha la jikoni.
Kumbe tulikuwa tunasema jambo moja.

Yeye juu ya paa, mimi sebuleni na rimoti,
dirisha wazi inchi nne,
joto lote la nyumba likitoka kwenda kuwapasha majirani.
"Sasa?"
Bado.
"Sasa?"
Sikio la mtu. Tai. Nusu ya neno.
"Na sasa?"
Rudisha kidogo. Hicho kidogo ni kikubwa mno.
Nikamsikia akitukana skrubu kwa Kifini,
lugha ambayo haijui ila matusi yake.
Hapo.
Hapo hapo, Arvid. Usipumue.

Chaneli kumi na saba, bila senti.
Mahubiri, mapishi, sinema za farasi,
wazee wanaouza bima ya mazishi wakitabasamu.
Na namba nane,
yenye yule mtabiri wa hali ya hewa
ambaye Reino alibishana naye kila jioni,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi:
"Theluji gani? Mimi nimetoka ziwani sasa hivi."
Tangu Septemba aliyotutoka
mtabiri yule alikuwa akisema apendavyo.
Nikavuta kiti. Nikaanza kumbishia.

Ilipofika Mei, namba nane ikaanza kugugumia.
Nililaumu waya. Nililaumu mvua.
Arvid akabadilisha kichwa cha waya, haikusaidia kitu.
Akapanda tena, akafumba jicho moja,
akatazama usawa wa mlingoti kama mtu analenga shabaha,
na shabaha ilikuwa mti.
Ule wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi,
aliopanda Reino wiki aliyozaliwa Helvi,
akaufunga kwa soksi yake usipepesuke.
"Ni majani, Shangazi. Yana maji ndani.
Yanayanywa mawimbi kabla hayajafika."
Februari ulikuwa fito tu. Nani angejua?

Kesho yake alikuja na msumeno wa injini.
Akauweka kibarazani, hakusema neno.
Tukanywa kahawa. Tukala mkate wa iliki.
Kivuli cha mti kikapita juu ya msumeno,
kikapita juu ya viatu vyake,
kikaja kukaa mapajani mwangu.
Nilimpa mkate uliobaki, nikamwambia
arudi nao nyumbani, na msumeno wake.

Kwa hiyo kiangazi kizima nina chaneli kumi na sita.
Jioni nakaa nje, majani yanazungumza
juu ya vitu ambavyo sina habari navyo.
Helvi alitaka kuninunulia kipaza mawimbi;
nikamwambia anunue viatu vya watoto.

Leo ni tarehe kumi na tisa Oktoba.
Usiku upepo ulishuka kutoka kaskazini, ukakwangua.
Asubuhi bustani yote ni ya manjano, mti uko fito,
na saa kumi na mbili jioni, kwenye namba nane,
likaja sikio. Ikaja tai.
Akaja mzima mzima, amenenepa kidogo.
Anasema kesho theluji.

Theluji gani, nikamwambia.