Kapu la Jumatano

Alilinunua Jumatano, siku ya gulio,
baada ya kulipinda na kulivuta masikio
na kuniuliza kama litahimili viazi.
Litahimili hata mawe, Bwana Barrameda.
Akacheka. Siku hizo alikuwa karani wa mizani
kwenye ghala la katani, mtu wa suruali moja.
Akanilipa noti mpya za Wajapani,
zile ambazo baadaye watoto walichezea duka.

Karibu na ukingo niliishiwa miyaa myeupe,
nikapenyeza mmoja mwekundu, ukaenda upogo.
Msusi huliona kosa lake kabla ya kuiona kazi yake.
Nilimpunguzia bei kwa ajili ya upogo ule.

Ijumaa wakatukusanya uani pa kanisa,
wanaume upande wa kisima, sisi chini ya kengele.
Afisa aliletewa kiti, hakukikalia.
Kisha wakamleta mtu asiye na uso:
kapu kichwani hadi mabegani,
matundu mawili, kisu kimepita
katikati ya ukili bila adabu.
Na pale ukingoni, juu ya bega la kushoto,
mwaa mwekundu, upogo.

Kikulacho, husemwa, ki nguoni mwako.
Chetu kilikuwa ndani ya kapu langu.

Hakutamka neno. Alipita mbele ya wanaume
na kapu likainama. Likainama tena.
Kwa fundi wa baiskeli. Kwa mwalimu Salustiano.
Mbele ya ndugu yangu Crisanto lilisita
(kusita kule nimekutunza kama stakabadhi)
kisha likainama.

Nilihesabu kwa vidole. Vidole vikaniishia.

Vita vikaisha. Wengine walishtakiwa,
wengine walisema walilazimishwa,
na baadhi yao walilazimishwa kweli.
Yeye alisema alikuwa mlimani na wapiganaji,
na mlima haukuja mahakamani kukanusha.
Msamaha ulisomwa redioni tukichambua mchele.
Akawa diwani. Akawa meya, akatujengea daraja,
daraja zuri, siwezi kusema uongo,
mvua za Oktoba hazijalitikisa.
Sasa anautaka ubunge wa Manila.
Kipaza sauti kinazunguka tangu alfajiri.
Chema chajiuza, mama alikuwa akisema,
na hapo alinyamaza, tumalizie wenyewe.

Usiniulize kwa nini sikusema.
Ningesema nini: namjua mtu kwa kosa langu?
Ningewaonyesha ukingo, nao wangeuliza
nani alisuka.

Mwezi jana likaja agizo: makapu mia tatu
ya kugawia samaki wakavu na sabuni,
jina lake ubavuni kwa rangi ya buluu.
Nusu wamelipa mapema, noti halali.
Paa langu linavuja pembe mbili. Nikapokea.

Usiku huu limebaki moja.
Nimelimaliza, na kabla ya kulitia masikio
nimelivaa.
Nilitaka kujua tu.

Humo mna harufu ya mkadi na ya pumzi zangu.
Sikukata matundu; makapu ya kura
husukwa haraka, mianya haikosi.
Naiona taa. Naiona meza,
kalenda yenye picha ya mgombea,
na kila kitu ki wazi kuliko kawaida,
kwa kuwa hakuna kinachonitazama.

Mlango ukafunguka. Delfin, mtoto wa Crisanto,
aliyezaliwa miezi mitano baada ya Ijumaa ile,
dereva wa kampeni, fulana ya buluu,
mabega ya baba yake mpaka kwenye kishindo cha kuinama
asigonge kizingiti.
"Shangazi? Yamekamilika?"

Nami, ndani ya kapu, bila kutamka neno,
nikainamisha kichwa.