Mgongo wa Kitu

Walinivisha kadi shingoni: MGENI.
Mimi, mzaliwa wa Nyalenda,
ninayeijua hoteli hii kwa mlango wa jikoni
tangu nilipoitengenezea redio ya mpishi.
Leo nimepita mbele. Zulia likameza viatu vyangu
na friji ya kwanza ikanisalimu.
Nikaitikia. Kwetu salamu ni deni.
Ikanitajia mayai yaliyobaki: sita.
Nikafungua. Sita kweli. Ya plastiki.

Kulikuwa na pete ya kuhesabu usingizi.
Kulikuwa na runinga iliyokunjwa kama mkeka;
walipoikunjua, twiga walikuwa ndani wakila majani,
wakionekana hadi weusi wa ndimi zao.
Nilishangaa. Sitasema uongo,
nilisimama mdomo wazi kama mbuta juu ya barafu.

Lakini jicho la fundi halina adabu.
Wenzake wakitazama uso, lenyewe lataka mgongo.
Nikaipindua simu ya mwaka huu, nyembamba kama kaki,
nikapapasa kingo zake kwa ukucha huu
ninaouacha mrefu kwa kazi hiyo tu.
Hakuna skrubu.
Hakuna hata mwanya wa kupenyeza wembe.
"Hufunguliwaje?"
"Kwa uso wako," akasema kijana wa tai,
akaniinulia simu kama kioo cha kinyozi.
"Sio hivyo. Nasema ikifa."
Akacheka kwa upole. "Haifi, madam. Unabadilisha."

Nilikuwa na swali la kutumwa.
Mzee Agutu, mchomeleaji wa Kamas:
moto umemlamba vidole miaka thelathini,
alama zake zimekwisha, zimebaki ngozi laini kama sabuni.
Kila mtambo humwambia *jaribu tena*.
Benki jaribu tena. Kliniki jaribu tena.
Siku moja aliniuliza, hatabasamu,
kama labda ni yeye aliyesahau kuwa yeye.
"Je, hii ya uso," nikasema, "itamjua
akiwa ndani ya barakoa ya chuma?"
Kijana akaandika kwenye tableti. Swali langu, nadhani.
Au namba yangu.

Meza ya miwani inayotafsiri, foleni ndefu.
Kifaransa kipo. Kijapani kipo.
Nikaomba Kijaluo.
"Kinakuja," akasema binti wa zamu,
kadi yake imeandikwa MMBONE.
"Na Kimaragoli?"
Akaipanga upya miwani iliyokuwa imepangika.
"Hicho nimewauliza mimi mwenyewe."

Ndipo stima ikapotea.
Twiga wakafa wakitafuna.
Friji ikanyamaza katikati ya yai la tatu.
Na kabla jenereta haijakohoa nyuma ya ukuta,
ukumbi mzima ukatoa mifukoni simu zake za kweli.
Mmbone akawasha yake.
Ufa ulikuwa umefika hadi kwenye taa;
mwanga ukatoka umevunjika,
ukatanda darini kama utando wa buibui.

Akaniona nikiutazama.
"Ilianguka Jumapili," akanong'ona,
kama aliye mbele ya padri.
"Hapa wasijue. Kioo ni pesa ngapi?"

Nikaishika. Nzito kidogo, pembe zimechubuka,
harufu ya mafuta ya nywele.
Na pale chini, kandokando ya tundu la chaji,
zilikuwepo mbili,
ndogo kama mayai ya chawa, vichwa vya nyota.
Nikazigusa kwa ukucha.
Nikamtajia bei, kisha nikaipunguza
kabla hajaomba.
"Kesho, Kibuye. Wapite wauza makochi,
ulizia Apondi wa simu."

Mzee Agutu sijui nitamwambia nini.

Stima ikarudi. Friji ikaanza upya kabisa,
kwa furaha ileile, kama hatujawahi kuonana.
Safari hii sikuitikia.