Mlio Mmoja

Nimebonyeza. Kimya.
Nimebonyeza tena, kwa kidole kingine,
kana kwamba kidole ndicho chenye kosa.
Kimya.

Saa saba usiku, Gyumri, theluji imeziba dirisha,
na mezani, nilipoondoa sahani za supu,
limelala sanduku jeusi, ubavu wazi:
ubao mama, kichakataji, feni tatu,
kebo zilizojikunja kama utumbo wa kuku,
miezi minne ya mshahara wa duka la dawa
na fungu langu la gereji ya baba.

Gereji hiyo ndiyo iliyotufunga midomo.
Vahram hakutaka iuzwe. Mimi nilitaka.
Tangu Machi hatujapigiana simu;
hata alipozikwa shangazi tulisimama
yeye upande huu wa kaburi, mimi ule,
tukitupa udongo kwa zamu.

Lakini saa hizi nani mwingine anajua habari za umeme?
Nikapiga. Ikaita mara sita.
Sikusema hujambo. Nilisema:
"Haiwaki."

Nikasikia kitanda kikilalamika. Nikasikia kiberiti.
"Swichi ya nyuma?"
Nimeiwasha.
"Feni?"
Zinashtuka nusu mzunguko, halafu zinakufa.
"Mlio?"
Hakuna.
"Kebo ya kichakataji, ile ya juu kushoto, yenye matundu manane?"
Imo.
"Ichomoe. Ichomeke upya, mpaka iseme ka."
Ikasema ka. Nikabonyeza.
Kimya.

"Toa kumbukumbu zote mbili. Rudisha moja."
Nikaipuliza kama apulizavyo mtu uji wa mtoto,
nikaikandamiza pande zote. Kimya.
Nikaihamisha tundu. Kimya.
Basi, nikamwambia, kesho nairudisha dukani.
Akasema, "Wewe! Kukicha ni kuuza."
Tukanyamaza wote wawili
kuliko hata ile mashine.

Bi Knarik wa chini akagonga bomba la joto mara mbili.

"Toa ubao mzima," akasema hatimaye.
"Uweke juu ya boksi lake la karatasi."
Skrubu tisa, na bisibisi ya baba,
ile ya mpini mwekundu uliozongwa utepe.
Siku ya kukabidhi funguo niliificha ndani ya buti.
Sikumwambia.
Pengine aliisikia: huteleza kidogo,
halafu hung'ata.

Juu ya boksi, ubao ukiwa uchi,
nikagusanisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi
na feni zikaamka, zote,
na kispika kidogo kama punje ya dengu
kikalia mara moja:
pi.

"Ubao hauna ugonjwa," akasema, sasa yu macho kabisa.
"Papasa sanduku. Chini. Taratibu."
Nikapapasa bati kwa kiganja
kama atafutaye sindano kwenye zulia.
Nikakipata: kiguu cha shaba, kimoja kupita hesabu,
mahali ambapo ubao hauna tundu la skrubu.
Nilikifunga mwenyewe mchana, huku nikipiga mluzi.
Kutwa kilikuwa kikiuchoma ubao mgongoni
na kuumwaga umeme kwenye bati.

Kikulacho, nikasema.
Vahram akacheka, au akakohoa. Ni sigara zile.

Saa tisa kasoro robo kila kitu kimerudi mahali pake,
isipokuwa kiguu kimoja, kilicho mfukoni mwangu.
Nikabonyeza. Pi.
Kioo kikasita, kikatoa herufi nyeupe:
hakuna diski ya kuwashia.
Nikamsomea, sauti ikinitetemeka.

"Hilo si kosa. Haijapewa cha kusoma, basi."
Nikasikia akisugua sigara kwenye kisahani.
"Usiufunge huo ubavu. Diski ninayo.
Jumapili nitapita."

Nikadhani amekata simu.

"Na hiyo bisibisi," akasema, "usiipoteze."